Mguu wa Mwalimu

Katika miaka kumi na mmoja ya kufundisha watu udereva, mwalimu huyu alikuwa na jambo moja tu la kujisifia, na hilo moja hakulipa nafasi ya kupumzika. Alisema breki yake ina utando wa buibui.

Asiyejua atauliza, breki gani hiyo. Gari la kufundishia lina pedali zake upande wa mwanafunzi kama gari lolote, halafu lina breki ya ziada upande wa mwalimu, ili mwanafunzi akiamua kuwapeleka wote wawili mtaroni, mwalimu awahi kulisimamisha. Breki hizo mbili zimeungwa kwa chuma chini ya sakafu. Ukikanyaga hii, na ile inazama. Wapo walimu walioikanyaga ya kwao mpaka raba yake ikaisha, kikabaki chuma kitupu. Huyu wetu aliona hiyo ni aibu. "Mwalimu anayekanyaga breki," alizoea kusema, "ni mama anayemtafunia chakula mtoto mwenye ndevu." Basi wanafunzi wakampa jina la Buibui. Walimwita hivyo nyuma ya mgongo wake, naye alijua, na tuseme kweli tu, alilipenda.

Jumatano moja, saa tatu asubuhi, usukani ulikuwa mikononi mwa Mama Pacha. Huyu ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mfagiaji wa zahanati, aliyesukuma ufagio katika ukumbi ule ule miaka tisa mpaka wagonjwa wakamwona kama sehemu ya ukuta. Dereva wa zahanati alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi, na mganga mkuu alikuwa amemwambia kwa mdomo wake: "Lete leseni, gari utaendesha wewe." Mtihani ulikuwa Jumatatu. Nyumbani alijifunza kwa kifuniko cha sufuria, akikata kona mbele ya jiko huku mapacha wake wakimpigia honi kwa midomo na kucheka mpaka wanagaagaa. Kwa darasa lile hakuna aliyemfikia. Buibui alimwambia hivyo mara moja tu, maana sifa nyingi humharibu mtu.

Walikuwa wanakaribia karakana za useremala, pale ambapo kijia cha mteremko kinaingia barabara kubwa. Upande wa pili likapita gari la shule nyingine ya udereva, jipya, linang'aa, juu limebeba kibao kikubwa kama mlango wa choo. Buibui hakuweza kujizuia. Aligeuza shingo yote. Alikuwa anatafuta neno la kuwasema wale watu, neno zuri lenye pilipili lakini lisilo tusi, na alikuwa karibu kulipata, aliporudisha macho na kuona baiskeli dirishani.

Ilikuwa baiskeli ya mnoa visu, mmoja wa wale wanaopita mtaa kwa mtaa na jiwe la kunolea limefungwa mbele na visu vya watu kwenye kikapu. Ilikuwa inateremka kasi. Mama Pacha alikuwa ameiona zamani. Aliongeza mafuta kidogo ili awahi kupita, na alipojua amepita, akauweka mguu juu ya breki bila kuikanyaga, kama alivyofundishwa kufanya kwenye kila njia panda. Mnoa visu angepita nyuma yao bila hata kugusa vumbi la gari. Lakini Buibui hakuyaona hayo. Aliona baiskeli, basi, na mguu wake ukaruka wenyewe. Gari likagoma katikati kama mbuzi, likazimika. Baiskeli ikaja ikajibamiza kwenye mlango wa nyuma. Kishindo chenyewe hakikuwa kikubwa. Kilichopiga kelele ni visu, vikimwagika kwenye lami kimoja baada ya kingine.

Kuanzia hapo Buibui alifanya kila kitu kama anavyofundisha. Aliwasha taa za dharura, akapeleka pembetatu nyekundu nyuma ya gari, hatua thelathini za kuhesabu. Akamzuia mtu mmoja mwenye huruma nyingi na akili kidogo aliyetaka kumwinua majeruhi kwa makwapa. "Mwache alale! Unaujua wewe mfupa uliovunjika uko wapi?" Akapiga simu ya gari la wagonjwa, akapiga ya polisi, akapiga picha gari likiwa pale pale liliposimama, akaandika namba za mashahidi wawili. Watu walikuwa wamejaa, na watu wakijaa namna hiyo dereva huwa anapokea kofi kabla ya salamu, lakini visu vilivyotapakaa viliwafanya wote wasimame mbali kwa adabu kubwa. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo. Aliyemwona alisema, huyu ndiye mwalimu.

Mama Pacha alishuka amejishika kichwa.

"Ni mimi," akasema kwa sauti, mbele ya watu wote. "Nimekanyaga breki. Nilikuwa nimeshapita jamani, sijui shetani gani kanishika. Mguu wangu huu huu, nimeusikia ukizama."

Buibui alielewa papo hapo. Pedali ilizama chini ya mguu wa mama wa watu, na yeye akadhani ni mguu wake ulioizamisha. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hapa ilikuwa yeye Buibui peke yake. Akafungua mdomo. Kilichotoka ni hiki:

"Nyamaza, mama. Usiseme kitu hapa."

Hilo nalo ni somo. Darasani huwaambia wanafunzi: barabarani usikiri kosa wala usimlaumu mtu, damu ikichemka ulimi haupimi, maneno yako yapeleke kituoni. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kwa hiyo hata mwenyewe hakujua amesema vile kwa ualimu au kwa woga. Mama Pacha alidhani analindwa. Akamtazama kwa macho ya shukrani, na macho yale yakamkata maini.

Askari wa usalama barabarani alifika, akapima kwa futi yake ndefu, akachora, akauliza maswali mawili matatu. Alikuwa mwanafunzi wa Buibui miaka ya nyuma. Aliagiza gari livutwe kituoni, kisha akagawa kazi. "Mama, wewe twende ukaandike maelezo. Mwalimu, nenda na majeruhi, halafu uje kabla ya saa kumi na moja. Bila maelezo yako siwezi kufungua kesi wala kuifunga."

"Nitakuja," alisema Buibui.

"Mwalimu," Mama Pacha alimwita akiwa tayari amekaa nyuma ya pikipiki ya polisi, mkoba ameupakata. "Mwambie yule baba anisamehe."

Hospitali Buibui hakukaa. Benchi lilikuwepo, na nafasi ilikuwepo, lakini kila akikaa mguu wake wa kulia ulianza kupiga sakafu wenyewe, na mama mmoja mwenye mtoto akamtazama kama anayemwomba aache. Akasimama. Alisoma tangazo la kunawa mikono mara tano, akatoka kununua maji, akarudi nayo, hakuyanywa. Alijiambia kwamba hajasema uongo. Hakusema neno lolote, na asiyesema neno atakuwaje amesema uongo? Hoja hiyo ilimpa nafuu kuanzia mlango wa dawa hadi mlango wa maabara, hatua kumi na nane, kisha ikaisha.

Mnoa visu alitolewa kwenye chumba cha picha akiwa na bega limefungwa. Mtulinga umevunjika, alisema daktari, na mfupa wa mguu umepata ufa. Wiki sita hanoi kitu. Alikuwa mtu mwembamba, wa umri wa kuwa na wajukuu, na jambo la kwanza aliloliuliza halikuwa bega.

"Visu vyangu viko wapi? Si vyangu, vya watu. Vilikuwa kumi na vitatu."

"Viko kituoni, mzee. Nimeviokota mwenyewe. Kumi na vitatu."

"Kile kirefu cha mpini mweupe ni cha bucha. Asipokipata kesho atanichinja mimi." Akacheka, bega likamuuma, akaacha kucheka. Kisha akasema, "Mwalimu, nina swali. Yule mama aliniona."

"Eeh?"

"Aliniona. Tulitazamana macho kwa macho. Mimi nimeendesha baiskeli mteremko ule miaka ishirini, najua gari linalopita na gari linalosimama. Lile lilikuwa linapita. Nikaiachia baiskeli yangu iteremke. Halafu likasimama. Sasa aliogopa nini, na alikuwa ameshapita?"

"Sijui," alisema Buibui.

Basi, neno hilo sasa alikuwa amelisema. Na lilikuwa uongo, halikuwa na jina jingine. Akaaga haraka, akasahau chupa ya maji juu ya kitanda cha mgonjwa. Ile salamu ya Mama Pacha ya kuomba msamaha aliikumbuka akiwa tayari nje ya geti, na hakurudi kuifikisha.

Simu ilikuwa imelia mara nne. Ilikuwa ya shemeji yake, kaka wa mkewe, ndiye mwenye shule ya udereva. Shule yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la rangi, na ukipanda ngazi unafika umeshalewa harufu. Shemeji alimngojea mlangoni.

"Pole, shemeji. Mzima? Mzima. Sasa sikiliza. Nimetoka kituoni sasa hivi. Yule mama kaandika kila kitu, kakiri, katia saini. Mwanamke mwaminifu sana, Mungu ambariki. Wewe unakwenda kuandika mistari mitatu: nilikuwa kwenye kiti changu, mwanafunzi alifunga breki ghafla, nikamsaidia majeruhi. Basi, yamekwisha."

"Atafanywa nini?"

"Mwanafunzi? Kosa la mwanafunzi ni kosa la mwanafunzi. Ataonywa, hatafanya mtihani mwaka huu, mwakani atarudi. Lakini kosa likiwa la mwalimu," shemeji akaushusha mkono wake hewani kama anakata nyama, "kibali chako kinakwenda, na cha shule kinakifuata. Halafu dada yangu utamlisha rangi?"

Buibui alitaka kumwambia. Shemeji si mtu mbaya, na wamekula sahani moja miaka mingi. Lakini shemeji alimtazama usoni kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akasema taratibu, "Na mimi sikukuuliza kitu, shemeji. Umeona? Sikukuuliza." Akampa chaki. "Saa nane hii. Watu kumi na wanne wanakungoja."

Darasa la Jumatano saa nane lilikuwa na somo lake, limeandikwa kwenye ratiba ukutani tangu mwanzo wa mwezi kwa mwandiko wa Buibui mwenyewe: Mambo ya kufanya baada ya ajali. Alilisoma akiwa amesimama mlangoni. Angeweza kufundisha alama za barabarani. Lakini wanafunzi walikuwa wameshafungua madaftari, na habari ilikuwa imeshafika, kwa maana habari mbaya haipandi ngazi, inaruka. Walimwangalia kama watu wanaongoja sinema ianze.

Alifundisha. Alizungukazunguka mbele ya ubao kama kuku anayetafuta pa kutagia, akasema simama, usikimbie, anayekimbia amejihukumu mwenyewe. Akasema habari za taa na za pembetatu, za kutomnyanyua majeruhi, za simu na picha. Aliandika kwa nguvu mpaka chaki ikakatika mara mbili. Alipofika kwenye kufunga mdomo, sauti yake ikashuka, akalipita somo hilo mbio mbio.

Nyuma kabisa alikaa mzee mmoja, karani mstaafu wa posta, aliyejiandikisha kwa sababu, kwa maneno yake, amechoka kubebwa na wanawe kama kifurushi. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hapo kwenye kunyamaza. Nimeelewa barabarani ninyamaze. Nikifika kituoni?"

"Kituoni unasema ulichokiona na ulichokifanya. Chote."

"Hata kama kosa ni langu na hakuna anayejua?"

Darasa likacheka. Mzee hakucheka, alikuwa anataka kuandika jibu.

"Hasa kama hakuna anayejua," alisema Buibui, "maana..." Na hapo sentensi ikamwishia mdomoni. Alisimama na kipande cha chaki. Chini, dukani, mtu alikuwa anakoroga rangi kwa mashine, na mashine ilikuwa inanguruma.

"Maana?" aliuliza mzee, kalamu mkononi.

"Maana yupo anayelibeba." Akaiweka chaki. "Somo limekwisha. Nendeni nyumbani."

Ilikuwa saa tisa kasoro. Njia ya kituoni si ndefu, robo saa kwa miguu, lakini Buibui aliipiga kwa zaidi ya saa nzima. Alizunguka soko, akasimama mbele ya duka la viatu akiangalia viatu ambavyo hakuviona, akarudi nyuma, akaendelea. Alihesabu umri wake, miaka hamsini na miwili. Mtu wa umri huo akinyang'anywa kibali ataanza kazi gani? Akajiambia kwamba Mama Pacha ni mtu wa kuvumilia, amevumilia miaka tisa, mwaka mmoja utamfanya nini? Mara akajichukia kwa kusema hivyo, na kuchukia kwenyewe kukampa hasira, na hasira akamtupia mwendesha mkokoteni asiye na hatia aliyekuwa karibu. "Angalia unakokwenda!" alimpigia kelele. Yule akamjibu kwa upole, "Nimesimama, mzee." Kweli, mkokoteni ulikuwa umesimama. Aliyekuwa anatembea ni yeye.

Alifika kituoni saa kumi na robo. Gari la shule lilikuwa uani, mlango wa nyuma umebonyea, mchoro wa L bado uko juu ya paa. Mama Pacha alikuwa kwenye benchi la ukutani, pale pale, mkoba ameupakata vile vile. Alikuwa hapo tangu asubuhi. Chini ya benchi palikuwa na ndoo ya visu, na mtu alikuwa amevifunika kwa gazeti.

"Hujala?" aliuliza Buibui, na swali lenyewe likamtia haya.

"Sina njaa. Anaendeleaje yule baba?"

"Atapona. Mtulinga."

"Ulimwambia?"

Mama Pacha hakungoja jibu, alikuwa na lake. "Nimeshapiga simu zahanati," alisema. "Saa nne nilimwambia mganga mkuu atafute dereva mwingine. Akanikatalia, akasema nitulie, nisiamue nikiwa na moyo wa hofu. Saa nane kanipigia tena: una hakika? Nikamwambia nina hakika. Mguu usiomsikiliza mwenyewe hauendeshi gari la wagonjwa, mwalimu. Nitamuua mtu. Leo ni bega, siku nyingine ni mtoto." Alisema haya kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kulia mahali pengine. "Na sitaki tena kujifunza. Usinibembeleze."

Askari alitoka ndani na karatasi. "Mwalimu, afadhali umekuja. Maelezo ya mama ninayo, yamenyooka. Yako mafupi tu na nimalize. Lakini usifikiri nimesahau, ulinifelisha mara mbili kurudi nyuma kwenye kona." Akacheka, akamkabidhi kalamu.

Buibui aliishika kalamu. Aliwaza mistari mitatu ya shemeji, imekwisha kupangwa, haina hata uongo mwingi. Kisha akairudisha kalamu mezani.

"Nipe ufunguo wa gari," alisema. "Mama, njoo."

"Sitaki kukaa humo."

"Halitawashwa. Njoo, tafadhali. Mama Pacha, nakuomba."

Labda ni lile neno nakuomba, maana hakuwahi kulisikia kwa mwalimu huyu. Alinyanyuka. Wakaenda uani wote watatu. Mama Pacha akakaa kwenye kiti cha dereva kwa ncha ya makalio, kama anayekaa juu ya jiko. Buibui akakaa kwenye chake. Askari akainama dirishani.

"Weka mguu juu ya breki. Usikanyage. Uweke tu, kama tunavyofanya njia panda."

Akauweka.

"Usikanyage, nimesema."

"Sikanyagi."

Buibui akakanyaga ya kwake.

Pedali ikazama chini ya mguu wa Mama Pacha mpaka mwisho. Akaruka, akauondoa mguu kama ulioungua. Akaangalia chini. Akaurudisha polepole, na Buibui akakanyaga tena, na pedali ikazama tena. Akakanyaga na mara ya tatu. Askari alinyoosha mgongo, akatazama pembeni, akakohoa.

"Ulikuwa umeshapita," alisema Buibui. "Ulimwona, ukawahi kupita, ukafanya kila kitu sawa. Mimi nilikuwa naangalia gari la wale wengine. Nikageuka nikashtuka. Mguu ni wangu, mama. Ni mimi niliyemvunja yule baba."

Mama Pacha aliendelea kuangalia pedali.

"Tangu lini unajua?"

Angeweza kusema, nimegundua sasa hivi. Lango hilo lilikuwa wazi na lingetosha gari zima kupita.

"Tangu pale pale. Ulipoanza kusema ni wewe."

"Saa tatu."

"Saa tatu."

"Mimi nikiwa hapa," alisema Mama Pacha, "nimekaa kwenye benchi lile nikijiita muuaji. Wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Alifungua mlango, akashuka. Hakuubamiza, aliufunga kwa mkono wake kama alivyofundishwa. Akasimama katikati ya ua, akatoa simu mkobani, akapiga. Buibui na askari walisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, lakini upande huo ulitosha. "Mganga mkuu, shikamoo. Ni mimi. Ndiyo. Samahani, si mimi niliyekosea, imeonekana si mimi... Eeh... Eeh. Dereva mwingine ameshasaini? Saa ngapi?... Saa nane na nusu. Haya. Hapana, si kosa lako. Nilikwambia mwenyewe nina hakika." Akasikiliza kidogo. "Haya, asante. Kesho nitakuja kufagia kama kawaida."

Akairudisha simu mkobani, akafunga zipu.

Saa nane na nusu Buibui alikuwa amesimama mbele ya watu kumi na wanne, akiwafundisha. Alishuka kwenye gari na kumsogelea. Alitaka kumwambia samahani, na alilisema, na neno lenyewe likatoka dogo, la mtu aliyekanyaga mwenzake mguu sokoni.

"Ungeniambia pale barabarani," alisema Mama Pacha, "wala si kwa maneno mengi, ungeninong'oneza tu sikioni, ningekusamehe kabla sijafika nyumbani. Unajua? Ningecheka hata. Ningewasimulia wanangu, mwalimu wetu naye kashtuka." Machozi yalimjia, akayafuta kwa kiganja, kwa hasira. "Sasa mimi nikusamehe vipi? Niambie wewe mwenye masomo."

Askari aliwaletea karatasi mbili mpya, kila mmoja na yake. Mama Pacha aliichana ile ya asubuhi, aliyorudishiwa na askari, vipande vinne, akaandika maelezo mapya akiwa amesimama, kwenye boneti la gari, kwa herufi kubwa zilizonyooka. Alitia saini. Buibui alikuwa bado kwenye mstari wake wa pili.

"Afande, mtihani wa Jumatatu bado nina haki nao?" aliuliza Mama Pacha.

"Unayo yote, mama."

"Nitakuja, basi. Zahanati siyo pekee yenye gari." Akauvuta mkoba begani na kumgeukia Buibui, akamtazama kwa muda. Haikuwa chuki. Alimtazama kama mtu anayesoma alama ya barabarani asiyoiamini.

"Lakini siku hiyo aje mwalimu mwingine," alisema. "Wewe usikae kando yangu."

"Sawa, mama," alisema Buibui.